Mba za ndevuni si uchafu

Kaa kwa kinyozi pale Mtwara mjini, utasikia: ndevu zikidondosha unga mweupe shatini, huogi vizuri, sugua kwa sabuni ya mche, paka mafuta ya nazi. Sivyo. Chanzo kikubwa ni fangasi aitwaye Malassezia, anayeishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu na kula mafuta yake. Sabuni ya mche huikausha ngozi tu, na mafuta ya nazi, hata yale mazuri ya kukamua nyumbani, yanaweza kumlisha fangasi huyo. Kinachosaidia ni shampuu yenye ketokonazo, dawa ya fangasi, ya asilimia 2, mara mbili kwa wiki: ipenyeze kwa ncha za vidole mpaka kwenye ngozi, iache dakika 3 hadi 5, suuza. Ngozi ikitoa majimaji, nenda zahanati.