Mwanafunzi wa fildi si wa kutumwa chai

Kila mwaka barua za wanafunzi wa vyuo kuomba fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, zikianza kuingia viwandani hapa Dar, nasikia maneno yaleyale kwa wakuu wa idara: "Mtoto hajawahi kushika spana, atatuboreshea nini?" Wiki iliyopita nimeyasikia mara tatu. Leo nayajibu kwa maandishi.

Dhana: Bila uzoefu, mwanafunzi hawezi kuboresha uzalishaji.

Hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote. Hasara nyingi za kiwandani hazihitaji mtu wa miaka ishirini kazini ili zionekane. Zinahitaji mtu mwenye nafasi ya kusimama mahali pamoja na kuandika. Mhandisi wa zamu hana nafasi hiyo: asubuhi boila, mchana konveya, jioni ripoti. Opereta naye ameshazoea kero za mashine yake hata hazioni tena.

Chukua kubadilisha saizi ya chupa kwenye laini (msururu wa mashine) ya kujaza. Kiwanda kimoja nilichofanyia kazi, tukitoka nusu lita kwenda lita moja laini ilisimama saa moja na nusu, na sote tuliamini ndivyo mashine ilivyo. Tulimpa mwanafunzi wa mwaka wa tatu saa ya kupimia na daftari. Akafuatilia mabadiliko sita, mchana na usiku. Kumbe karibu nusu ya muda ule fundi hakuwa anagusa mashine: yuko njiani kwenda stoo, anatafuta spana namba 17, anamsubiri mtu wa ubora aje kusaini. Yote hayo yangeweza kumalizwa laini ikiwa bado inatembea. Tukachukua toroli kuukuu, tukapanga vifaa vyote humo, likawa linasogezwa pale nusu saa kabla. Muda ukashuka hadi dakika 50.

Njia yenyewe ni ya zamani. Shigeo Shingo, mhandisi wa Kijapani, alisimulia presi (mashine ya kukandamiza chuma kwenye kalibu) ya tani 1,000 ya Toyota, mwaka 1969, ambayo kuibadilisha kalibu kulichukua saa nne. Ikashushwa hadi dakika 90, kisha dakika 3. Unatenganisha kazi zinazolazimu mashine isimame na zile zisizolazimu, basi.

Ila usimkabidhi kijana saa ya kupimia siku ya kwanza. Opereta akiona mgeni anampimia muda anajua kuna mpango wa kupunguza wafanyakazi, na hapo kila namba utakayopata ni ya uongo. Wangu huanza na wiki nzima ya zamu ya usiku: "shikamoo fundi", abebe kreti, aoshe mashine. Wiki ya pili ndipo awaeleze anapima nini na kwa nini. Na jina la opereta liandikwe kwenye ripoti pamoja na lake. Hilo kwangu halina mjadala.

Dhana: Kuboresha ni kununua mashine mpya.

Mpe maji ya sabuni na brashi, apite kwenye mabomba ya hewa ya kompresa (mashine inayoshindilia hewa kwa umeme) siku ambayo laini zimezimwa. Kila panapotoa povu, panavuja umeme ulioulipia. Kiwanda kisichofuatilia uvujaji kinaweza kupoteza asilimia 20 hadi 30 ya hewa ya kompresa, na tiba mara nyingi ni klipu ya mpira au kukaza nati.

Dhana: Wiki nane za fildi hazitoshi.

Hazitoshi ukimzungusha idara zote. Mpe tatizo moja lenye namba ya kuanzia, zitatosha.

Dhana: Kumpokea ni kukisaidia chuo.

Mwaka 1906 Herman Schneider, mwalimu wa uhandisi, alianza na wanafunzi 27 wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, wakipokezana darasa na kiwanda, na kazi yao ya kiwandani ililipwa: ilikuwa kazi, si msaada kwa chuo. Wewe mpe kijana japo nauli na chakula cha mchana. Mwenye njaa hahesabu sekunde.

Dhana (hii ni ya wanafunzi wenyewe): Muhimu ni logbuku (daftari la kazi za kila siku za fildi) ijae.

Mmoja aliniletea kurasa kumi zimeandikwa "nilisaidia mafundi". Nikamrudishia. Akaja tena na mistari minne kwa kila siku: mashine ipi, ilisimama saa ngapi, kwa dakika ngapi, nini kiliisimamisha. Kurasa hizo ndizo tulizokaa nazo na fundi mkuu mezani.