Uanafunzi Huanza Bonanza Linapokwisha

Makanisa mengi ya mijini hapa Tanzania yamezoea utaratibu mmoja. Jumamosi vijana wa mtaani hualikwa kwenye bonanza la soka na mpira wa pete, bingwa huahidiwa mbuzi na jezi, na wakati wa mapumziko mwinjilisti huchukua kipaza sauti, akahubiri, kisha akawaongoza walionyoosha mikono katika sala ya toba. Idadi ya mikono huingizwa kwenye taarifa ya idara ya vijana, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Mimi ninayewanoa makocha wa timu za makanisa silipingi bonanza, kwa sababu huwafikia watu ambao hawangekanyaga ibadani; ninachopinga ni kuliita uanafunzi, yaani kumlea mtu awe mfuasi wa Yesu. Marko 3:14 yasema Yesu aliwaweka wale kumi na wawili kwanza wawe pamoja naye, ndipo awatume kuhubiri. Kuwa pamoja kwa namna hiyo kunataka msimu mzima wa mazoezi, safari za kwenda mechi za ugenini, na jioni za kufua jezi.

Uwanja unafaa kwa kazi hii kwa sababu tabia haijifichi pale. Kijana anaweza kuketi ibadani miezi kadhaa, mpole na mnyenyekevu, bila mchungaji kujua kwamba hasira yake iko karibu. Mnyime penalti ya wazi katika dakika za mwisho, au mwite benchi wakati anajiona ndiye nyota wa mchezo, nawe utamfahamu. Kocha aliye makini hauoni mlipuko ule kuwa aibu ya kanisa, bali huona somo la wiki limejileta lenyewe. Ndiyo maana nashauri mazungumzo ya Biblia yafanyike baada ya mazoezi, si kabla, tena yawe mafupi, yakianzia kwenye jambo lililotokea uwanjani jioni ileile.

Paulo aliwaandikia Wakorintho, watu wa mji ulio karibu na Isthmia, mahali palipofanyika michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili, ambako mshindi alivikwa taji la majani. Katika 1 Wakorintho 9 hakuwapa mfano wa shangwe za watazamaji. Aliwaonyesha jinsi mshindani anavyojizuia katika yote. Naye katika 2 Timotheo 2:5 anakumbusha kwamba taji hapewi asiyeshindana kwa halali. Aya hiyo husomwa kwa furaha kwenye ufunguzi wa ligi za makanisa, ligi ambazo, tuseme ukweli, zimejaa mamluki waliosajiliwa usiku wa kuamkia mechi na vijeba wanaocheza mashindano ya watoto kwa vyeti vya kuazima. Timu iliyotwaa kombe kwa njia hiyo imewafundisha wachezaji wake somo ambalo mahubiri ya mapumziko hayawezi kulifuta, kwa kuwa wamemwona mlezi wao wa kiroho akidanganya kwa ajili ya mbuzi.

Mtu ninayependa makocha wamfahamu ni Eric Liddell, Mskoti aliyezaliwa Tianjin, Uchina, mwaka 1902, akiwa mtoto wa wamisionari. Wengi wanajua nusu ya habari yake: katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 1924 alikataa kukimbia mita 100 kwa sababu mbio za mchujo zilipangwa Jumapili, akaingia mita 400 na kupata dhahabu kwa sekunde 47.6. Nusu ya pili ndiyo yenye faida zaidi kwetu. Mwaka 1925 alirudi Uchina kuwa mwalimu na mmisionari, na mwaka 1943 Wajapani walimfunga pamoja na raia wengine wa kigeni katika kambi ya Weihsien. Humo aliwafundisha watoto na vijana na kuwasimamia katika michezo yao, ila Jumapili hakuchezesha. Vijana walipocheza mpira wa magongo Jumapili bila mwamuzi, mchezo ukageuka ugomvi, Liddell akaamua kwenda kuwachezesha siku ileile aliyokuwa ameikatalia dunia nzima pale Paris. Alifariki kambini humo Februari 1945 kwa uvimbe wa ubongo. Sisomi humo ruhusa ya kupuuza Jumapili. Ninachokiona ni mtu aliyekuwa tayari kupoteza medali kwa ajili ya dhamiri yake, lakini hakuwa tayari kuwapoteza vijana aliokabidhiwa, na aliweza kupambanua mambo hayo mawili kwa sababu aliishi nao. (Kaká, mwanasoka wa Brazil, kuonyesha fulana yenye jina la Yesu baada ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya jijini Athens mwaka 2007 ni ushuhuda pia, lakini kijana wa Kihonda, mtaa wa Morogoro, haigi fulana, anaiga anayemwona kila siku.)

Hapa kwetu kuna jaribu ambalo Liddell hakulikuta. Kila mpenzi wa soka anajua maana ya kamati ya ufundi, yaani wale wanaotafuta ushindi wa timu kwa ushirikina, na klabu kubwa zimewahi kutozwa faini na Bodi ya Ligi kwa kukwepa mlango rasmi wa uwanja kwa imani hizo. Timu za makanisa hujiona ziko salama, huku nyingine zikipaka mafuta ya upako milingoti ya goli na kumlaumu aliyekosa maombi ya mkesha pindi zinapofungwa. Sala iliyogeuzwa kuwa hirizi ya ushindi inatoka katika imani ileile ya kamati ya ufundi. Mimi huwataka makocha waombee afya za timu zote mbili na mwamuzi, kwa sauti, wapinzani wakisikia.

Jambo zito kuliko yote ni uaminifu kwa wazazi. Timu ya mtaa wa Morogoro au Tanga haiwezi kukosa watoto wa Kiislamu, na haipaswi kuwakosa. Mzazi aambiwe mapema, kabla mtoto hajapewa jezi, kwamba timu ni ya kanisa na kwamba baada ya mazoezi kuna somo la Biblia ambalo mtoto anaweza kuliacha. Asiyehudhuria somo hapotezi namba yake kikosini, na mwezi wa Ramadhani mazoezi ya wanaofunga hupunguzwa. Wapo wanaoniambia kwamba huku ni kuogopa kushuhudia. Naona kinyume chake: imani inayonunuliwa kwa njumu humalizika njumu zinapochanika, na mzazi aliyedanganywa mara moja hatausikiliza tena ujumbe wetu.

Msimu ukiisha, naomba kila kocha achague wachezaji wakubwa wachache na kuwakabidhi, wawiliwawili, kundi dogo la chipukizi, wakiwepo watu wazima wasiopungua wawili uwanjani, kwa maana mtoto hapaswi kuachwa peke yake na mtu mzima mmoja. Huko ndiko anakoweza kuona kama kuna mwanafunzi aliyepatikana: amwangalie kijana wake anavyomtendea yule mtoto asiyejua kupiga mpira, kama anampa dakika za kucheza sawa na wenzake au anamwacha kuokota mipira nyuma ya goli.