Namba za mwenye boti wa awali hazikutoshi

Wengi wanaonunua boti Marekani kutoka jimbo jingine huamini kuwa namba zilizobandikwa ubavuni zinatosha hadi usajili mpya ufike. Si ajabu, namba zenyewe bado zinang'aa. Ila kwa kanuni za shirikisho, cheti cha namba hizo hukoma boti inapobadili mmiliki. Kulala ndani ikiwa imefungwa gatini hutegemea masharti ya gati. Kuiendesha ndiko kunakodai cheti cha muda, kisichozidi siku 60, au nafuu ya jimbo: Florida hutoa siku 30, mradi uthibitisho wa tarehe ya ununuzi uwemo chomboni. Kagua pia tezi, yaani nyuma ya boti, upande wa kulia: zile herufi na tarakimu 12 za utambulisho wa boti yenyewe, zilinganishe na hati ya mauzo, kidole kikifuata moja moja.