Usiinyamazishe sauti ya ndani unaposoma

Kozi za kusoma kwa kasi hupenda kuamuru: acha kuyatamka maneno kichwani. Napinga ushauri huo, na kwa msomaji wa Kiswahili naupinga zaidi.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtafiti Åke Edfeldt wa Sweden alipima umeme wa misuli ya kutamkia kwa watu waliokuwa wakisoma kimyakimya. Maandishi yalipokuwa magumu, misuli ilifanya kazi zaidi. Mwaka 1974 wanasaikolojia Alan Baddeley na Graham Hitch walitoa nadharia ya kumbukumbu tendaji, yaani kumbukumbu ya muda mfupi tunayoitumia tunapofikiri, ambayo sehemu yake moja hushika sauti za maneno kwa takriban sekunde 2, kisha zinafifia usipozirudia. Humo ndimo mwanzo wa sentensi unamosubiri mwisho wake.

Sasa tazama Kiswahili. "Mgeni amefika" na "Mgeni amefika?" zinatofautiana kwa kiimbo tu. "Barabara imejengwa barabara" inadai mkazo uhame: barabára ya magari, kisha barábara ya sawasawa. "Watatuambia" na "tutawaambia" zina silabi zilezile; jicho lenye haraka huzichanganya, anayeambiwa akageuka kuwa msemaji.

Jipime. Soma aya ngeni huku ukinong'ona "moja, mbili, tatu, nne" bila kukoma. Maana ya jumla utaipata. Kisha mwombe mtu apindue mpangilio wa maneno mawili katika aya nyingine, uisome vilevile: ni rahisi sana kulipita kosa, kwa kuwa ulimi umeshikwa na hesabu. Ndiyo sababu mhariri hapaswi kusahihisha akiwa anazungumza.

Sauti hii haiendi polepole kama mdomo. Mwanasaikolojia Marc Brysbaert alikusanya tafiti nyingi mwaka 2019 akapata wastani wa maneno 238 kwa dakika kimya, kwa maandishi yasiyo ya hadithi, na 183 kwa sauti, katika Kiingereza. Usijipime kwa namba hizo: "hawakutuambia" ni neno moja kwetu, matano kwao.

Ukitafuta tarehe au jina gazetini, pitisha macho tu. Ukifika kwenye mkataba, shairi au maelezo ya dawa, punguza mwendo. Sentensi ikikataa kueleweka, itamke kwa midomo, ukipumua penye koma. Na mtoto anayechezesha midomo anaposoma asikemewe. Mpe maandishi mepesi kidogo, midomo itatulia yenyewe kadiri anavyozoea.