Hewa ya Bahari Haitunzi Siga

Juzi imetokea tena. Mteja aliingia dukani kwangu hapa Mombasa, ninapouza siga (majani ya tumbaku yaliyoviringwa, si sigara), akiwa na kisanduku kwapani, akakiweka mezani taratibu, akasema: "Bwana, siga hizi mbaya. Nilizinunua mwenyewe Havana, lakini chungu na zinazimika kila dakika mbili. Nadhani waliniuzia bandia."

Nikamuuliza swali moja: anaziweka wapi?

"Kabatini, sebuleni. Nyumba yangu iko Nyali, mbele yake bahari. Unyevu ninao wa kutosha, si kama watu wa Nairobi."

Nilitoa siga moja, nikaishika juu ya karatasi nyeupe, nikaigonga kwa ukucha. Unga wa rangi ya kahawia ukadondoka, mwembamba kuliko kahawa iliyosagwa. Nikaigeuza chini ya taa. Kwenye jani la nje palikuwa na tundu la mviringo, kama lililotobolewa kwa pini, na jingine upande wa pili. Nikaipasua kwa wembe kutoka kichwani, upande wa mdomoni, hadi miguuni, upande wa kuwashia. Katikati ya majani ya ndani palikuwa na mfereji uliojaa vumbi, na mwisho wa mfereji alilala buu mweupe aliyejikunja, mdogo kuliko punje ya mchele. Mteja akanyamaza. Kisanduku kilikuwa na siga 25, na zilizosalimika hazikufika kumi.

Hakuna dhana inayonichosha kama hii: kwamba kwa kuwa siga hupenda unyevu, na Mombasa ina unyevu, basi siga inajitunza yenyewe. Wapo wanaoniambia Havana nayo ni mji wa pwani wenye joto, kwa hiyo hapa kwetu ndiko hasa siga zinakotakiwa kukaa. Havana kweli ni ya pwani na ya joto. Lakini maduka mazuri ya huko hayaweki siga kwenye rafu karibu na dirisha. Yana vyumba maalumu ambamo baridi na unyevu hupimwa usiku na mchana.

Siga inataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na joto la nyuzi 16 hadi 21. Sasa tazama mji wetu. Kaskazi inapovuma, kuanzia Disemba hadi Machi, mchana unapita nyuzi 30 na usiku haushuki sana. Masika yakiingia, Aprili na Mei, nikiacha mlango wa duka wazi kipima unyevu changu kinapanda juu ya 80. Unyevu ukishapita 72 hivi na ukakaa hapo, kuvu huanza kuota. Na joto likipita nyuzi 24, mayai ya mdudu wa tumbaku, ambayo huenda yamelala ndani ya majani tangu shambani, yanaanguliwa. Kwa hiyo kabati la sebuleni Nyali linawapa kuvu na mdudu kila wanachokitaka.

Mdudu huyo kwa jina la kitaalamu anaitwa Lasioderma serricorne. Ukiwahi kununua bizari au pilipili ya kusaga sokoni Marikiti ukaikuta ina vijidudu vidogo vya rangi ya hudhurungi, vyenye mgongo wa duara, huenda ulishakutana naye, kwa sababu tumbaku si chakula chake pekee. Anakula viungo, nafaka, hata gundi ya vitabu. Buu ndiye anayekula siga, kutoka ndani. Lile tundu unaloliona juu ni mlango ambao mdudu mzima ametokea, maana yake ukiliona umeshachelewa. Ndiyo maana nawasihi watu wasihifadhi siga kwenye kabati moja na viungo vya pilau. Na kwa sababu nyingine, wasiziweke karibu na udi. Tumbaku hunyonya harufu kama pamba inavyonyonya maji. Nimewahi kuonja siga nzuri ya Nicaragua iliyokaa mwezi mmoja na chetezo: sikupata chochote isipokuwa udi.

Wengine hunijia na siga zenye unga mweupe juu ya jani, wakiwa na furaha, kwa sababu wamesikia unga huo ni mafuta ya tumbaku yaliyoganda, alama ya siga iliyokomaa. Karibu kila mara ni kuvu. Kama umetanda kwa mabaka, kama una nyuzinyuzi, kama una rangi ya kijani au kijivu, usijidanganye. Kuvu jepesi juu ya jani la nje waweza kulifuta kwa kitambaa safi kikavu na siga ikapona. Likishaingia miguuni, kwenye majani yaliyo wazi, itupe.

Friji la jikoni halisaidii. Linakausha siga na kuipa harufu ya samaki. Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku ni kibaya vilevile, maana jani la nje hujikunja na kutanuka kila siku mpaka linapasuka.

Ninachowaambia wateja wangu ni rahisi, na kinagharimu kidogo kuliko siga tatu nzuri. Tafuta kopo la plastiki la chakula, lenye kifuniko cha kukaza, lisilo na harufu. Weka kipande cha ubao wa mwerezi wa Kihispania (Spanish cedar) kama utaupata, na pakiti ya kudhibiti unyevu iliyoandikwa 65. Kwa Mombasa mimi huchagua 62, na sijajuta. Liweke kopo katika chumba chenye baridi kuliko vyote, chini sakafuni, mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Mwenye uwezo anunue friji ndogo ya mvinyo, aiweke nyuzi 18. Sanduku la mbao la kupendeza halina maana hapa kwetu kama joto halijadhibitiwa.

Na kipima unyevu chako usikiamini mpaka ukijaribu. Weka chumvi ya kawaida kwenye kifuniko cha soda, dondoshea maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Kifungie pamoja na kipima unyevu ndani ya kopo dogo, uache saa 24. Kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 70, jua kinapunguza tano, na uongeze tano kila ukikisoma.

Yule bwana wa Nyali tuliokoa siga zake nane. Tulizifunga kwenye mifuko miwili ya kugandishia chakula, zikakaa frijani kwenye barafu siku tatu ili mdudu na mayai yake wafe, kisha siku moja sehemu ya kawaida ya friji, ndipo zikatolewa, mfuko ukiwa bado umefungwa. Ukifungua zikiwa baridi, maji yanatanda juu ya jani na linachanika. Baada ya hapo, mwezi mzima kwenye kopo bila kuguswa.

Nasisitiza haya yote kwa sababu kuonja kunaanzia hapa. Siga iliyolowa hubana mvuto, huungua upande mmoja, na mvuke wake hupandisha uchungu mpaka huonji tumbaku tena. Iliyokauka huwaka haraka, moshi wake ni wa moto na unachoma ulimi. Mtu akiniambia chapa fulani ni mbovu, kwanza naibonyeza siga yake kwa vidole viwili. Nzuri hubonyea kidogo na kurudi. Ikikaa kama sponji au ikalia kama majani makavu, maoni yake juu ya ladha hayana msingi, na namwambia hivyo.

Zipo na dhana nyingine ninazozisikia dukani. "Siga nyeusi ndiyo kali." Hapana. Rangi ya jani la nje hutokana na aina ya mbegu, jua, na muda wa kuchachushwa. Jani la maduro, lile jeusi, huchachushwa zaidi kwa joto, na mara nyingi hutoa utamu wa kahawa na kakao. Ukali, yaani nikotini, hutegemea zaidi majani ya ndani, hasa ligero, majani ya juu ya mche yanayopata jua jingi na kuungua polepole. Siga ya rangi ya kahawa yenye maziwa inaweza kukukalisha chini ukiivuta na njaa. Kula kwanza, lakini si biriani: ulimi uliotoka kwenye pilipili hauonji kitu.

"Nzuri ni za Kuba tu." Udongo wa Vuelta Abajo, eneo la tumbaku magharibi mwa Kuba, ni wa pekee, hilo silipingi. Lakini baada ya viwanda kutaifishwa mwaka 1960, mafundi wengi walihama na ujuzi wao, wakaujenga upya Jamhuri ya Dominika, Honduras na Nicaragua. Na Afrika tuna jani la nje la Kameruni, linalosifiwa duniani kwa utamu wake wa viungo. Ninapoandaa meza ya kuonja huondoa kwanza pete zote za karatasi zenye jina la chapa. Mara nyingi mtu anayeapa anaishika Kuba huwa ameshika siga ya Estelí, mji wa Nicaragua. Na ukiuziwa Cohiba, chapa maarufu ya Kuba, ufukweni ndani ya kisanduku chenye kifuniko cha kioo, rudisha. Cohiba halisi haifungwi hivyo.

"Jivu jeupe ni alama ya ubora." Rangi ya jivu hutokana na madini ya udongo, kama magnesiamu. Mimi naangalia kama jivu linashikamana na kama moto unazunguka sawasawa. Kuizungusha siga sikioni usikilize hakukupi lolote, unalijeruhi jani tu. Kuichovya kwenye konyagi ni kuiharibu.

"Siga haina madhara kwa kuwa hatumezi moshi." Hili silipiti kimya, ingawa siga ndiyo riziki yangu. Nikotini inaingia kupitia utando wa kinywa, na saratani ya mdomo, koo na umio inawapata wavuta siga. Siga kubwa moja yaweza kuwa na tumbaku ya pakiti nzima ya sigara. Anayevuta avute akijua hivyo, na sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Duka langu halijadili hilo.

"Ikizimika, itupe." Siga iliyosokotwa kwa mkono huzimika, hasa ukizungumza. Vuta mara moja kwa dakika, si zaidi. Ikizimika, kung'uta jivu, puliza hewa kupitia kichwani itoke miguuni ili moshi uliolala utoke, kisha choma ukingo polepole bila kuvuta, moto usiguse jani. Fanya hivyo ndani ya saa moja na theluthi ya mwisho itakuwa bado na ladha yake.