Foki ikigoma kubonyea, haijafa

Wengi huamini kwamba foki ya zamani ya baiskeli ya milimani, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele na kubonyea ili kupunguza mishtuko, ikishakuwa ngumu, ni ya kutupa. Mara nyingi sivyo. Foki nyingi za miaka ya 1990, zikiwemo za chapa ya Manitou, hazikutumia hewa bali vipande vya elastoma (mpira unaonepa) vilivyopangwa ndani ya miguu yake. Vipande hivyo huzeeka hata baiskeli ikikaa stoo tu: hukauka na kumeguka, au hugeuka uji unaonata, kazi ya kuudhi kweli kuukwangua. Fungua vifuniko vya juu, toa uchafu wote, futa kwa spiriti, paka bushi (pete ambazo miguu huteleza juu yake) grisi ya silikoni, kisha weka springi za chuma zenye kipenyo na urefu unaolingana. Ila foki yenye ufa haipandwi tena.