Kidonda cha kijani, unga wa rangi mbili na hao wadudu "wanaokula nyama tu"

Wiki hii tena. Kijana kamleta baba yake, kidonda cha mguu cha kisukari, fungua bandeji kijani kibichi na ile harufu tamutamu kama matunda yaliyoiva kupitiliza, halafu juu yake unga wa kapsuli za rangi mbili umegandamana kama sementi. Nauliza nani kawaambia mfanye hivi, jibu lile lile: "Daktari, wadudu walikuwa wanakula nyama, tukaona tuwaulie hapohapo." Mi hata daktari si daktari, mi mtu wa maabara, ila hiyo sentensi nimeisikia mpaka naiota.

Haya. Ule ukijani mara nyingi ni bakteria anayeitwa Pseudomonas aeruginosa, na huyu ampisilini na tetrasaiklini, hizo antibayotiki za kwenye kapsuli, hazimtishi, usugu kazaliwa nao, kwa hiyo unga wenu unaniharibia sampo tu basi. Lakini kinachoniudhi kuliko vyote ni hilo neno "wanakula", maana watu wanamchukulia bakteria kama mchwa kwenye fremu ya mlango, yeye anatafuna we umekaa unatafunwa, hakuna anayemwambia mwenzie kitu. Sivyo jamani. Hawa wanatoa vikemikali vidogo vya kuhesabiana, wakiwa wachache vinatawanyika vinapotea, wakijazana vinapanda mpaka vinawasha jeni za sumu, vimeng'enya vya kuyeyusha nyama na hata hiyo rangi mnayoiona, wote kwa mpigo. Na kemikali kuu ya Pseudomonas, 3-oxo-C12-HSL, tuiite C12 tusichoshane, ina mkia wa mafuta, na utando wa seli zako nao ni mafuta, so inapenya moja kwa moja, hodi haipigi.

Ikishaingia inafanya nini? Tangu 1998 imeonekana maabara kwamba inazuia limfosaiti (seli nyeupe za kinga) zisigawanyike na inashusha TNF-alfa, kemikali ya mwili ya kupiga kengele, na 2008 ikaonekana inavuruga NF-kappa B, ile swichi kubwa ya kuamsha kinga. Dozi ikipanda makrofeji na nyutrofili, yaani askari wa kinga wanaomeza wadudu, zinajiua zenyewe, na seli za epitheli (zile za kufunika) zilizokuwa zimeshikana maungio yanalegea, wadudu wanapata njia. Halafu cha ajabu dozi ndogo inafanya kinyume, inaziita nyutrofili zije. Kwa hiyo ishara ni ileile moja, kiasi ndo kinaamua, na ukiniambia "usaha umepungua maana yake wamekufa" mi sikuelewi, pengine hao askari waliotakiwa kuufanya huo usaha ndo wamekufa.

Na seli zetu nazo si mabubu. Zina kimeng'enya kinaitwa PON2 kinachoikata C12, na kwenye pua kuna kipokezi T2R38, kilekile cha kuonja uchungu kwenye ulimi, kinazinusa hizi kemikali na kuamsha vinyweleo vifagie. Wapo watu ambao kipokezi chao ni kizito kunusa, kurithi tu.

Sasa nataka nini mimi? Kidonda kioshwe na maji ya chumvi ya dripu, nesi atoe nyama iliyokufa, NDO swabu (kijiti cha pamba cha kuchukulia sampo) ichukuliwe, pale chini palipo safi sio kwenye usaha wa juu, na KABLA ya antibayotiki yoyote. Sukari ishuke, mguu usikanyagiwe. Kapsuli ni za kumeza, na aliyekuandikia ndo akwambie.

Mengine ninayoambiwa, haraka haraka maana nayo yananichosha.

"Bakteria wakizidi ndo sumu inazidi." Kwa Pseudomonas sawa. Kipindupindu ni kinyume kabisa, Vibrio cholerae wakishajaa wanazima sumu, wanajiandaa kutoka tumboni wakatafute mtu mwingine.

"Ishara zote za bakteria ni mbaya kwetu." Bakteria Bacillus subtilis anatoa peptidi (kipande kidogo cha protini) ambayo seli za utumbo zinaibeba kwa kisafirishi OCTN2 kisha zinatengeneza protini ya kujikinga, Hsp27. Na huko Hawaii kuna ngisi mdogo anayemfuga Vibrio fischeri, bakteria anayeng'aa, amulikie usiku.

"Haya mambo ya juzi." Hao Vibrio wanaong'aa na kuhesabiana kwao walishaandikwa 1970.

"Mwili hauwezi kuwasikia wala wao kuusikia." E. coli O157:H7, bakteria wa kuharisha damu, anainusa adrenalini yako kwa protini ya QseC. We ukiwa na stresi yeye anajua.

"Kitunguu saumu kinazima mawasiliano yao, kipake kwenye kidonda." Hii imetoka kwenye ukweli kabisa, kuna kemikali ya ajoini ndani yake na maabara kweli inaizima Pseudomonas. Ila kitunguu kibichi kilichopondwa na kufungiwa juu ya ngozi kinaunguza, nimeona malengelenge kwa macho yangu, na mguu wa kisukari hausikii maumivu kwa hiyo mgonjwa anakuja siku ya tatu anatabasamu. Kile kaa nacho jikoni.